Mbunge ni nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno lisilo na jinsia

Watafsiri, walimu na waandishi wa habari huuliza mambo yale yale kila uchaguzi unapokaribia. Mengi yanahusu neno moja, mbunge, na jamaa zake: diwani, seneta, mwakilishi, mjumbe, spika. Majibu haya yanahusu Kiswahili kinavyotumika Tanzania na Kenya, ambako mabunge yenyewe hukitumia.

Neno "mbunge" linamhusu mwanamume au mwanamke?

Yeyote kati yao. Ukisikia "mbunge amefika" hujui kama aliyefika amevaa suti au gauni, na sentensi haina njia ya kukuambia. Kiambishi m- mwanzoni mwa neno kinasema ni mtu. Kiambishi a- katika kitenzi kinasema ni mtu mmoja. Hakuna zaidi ya hapo. Ukitaka kiwakilishi, ni "yeye", na "yeye" nacho hakibagui.

Limeundwaje?

Majina mengi ya wenye kazi huzaliwa na vitenzi. Anayesema kwa niaba ya wengine ni msemaji, anayewakilisha ni mwakilishi, anayegombea ni mgombea, anayeongoza ni kiongozi. Mbunge hakuzaliwa hivyo, kwani hakuna kazi iitwayo "kubunga", ingawa wapiga kura wengine wangeapa ipo. Neno limepatikana kwa kuweka m- mbele ya jina la chombo, kama Mtanzania alivyopatikana kwa Tanzania na Mkenya kwa Kenya. Kwa hiyo mbunge, kwa maana ya mwanzo kabisa, ni mtu wa Bunge. Neno halisemi anafanya nini huko ndani wala ni mtu wa namna gani. Linasema mahali pake tu.

Wingi ni wabunge, mahali ni bungeni, na cheo chenyewe huitwa ubunge. "Anautaka ubunge" ni sentensi ambayo kila mwenye masikio ameisikia.

Lakini Kiswahili si kina ngeli? Ngeli si jinsia?

La. Ngeli hupanga nomino kwa upatanisho wake wa kisarufi, na upatanisho wa watu na wanyama ni mmoja: a- kwa umoja, wa- kwa wingi. Mama anakuja, baba anakuja, mbuzi anakuja. Hata nomino zisizoanza kwa m- hufuata njia hiyo zikimtaja mtu: diwani amesema, madiwani wamesema, kiongozi ameondoka, viongozi wameondoka. Kwa umbo, "kiongozi" yuko pamoja na kiti na kijiko, lakini hatusemi "kiongozi kimeondoka" ila kwa dharau.

Wanaojifunza Kiswahili wakitokea Kifaransa au Kiarabu hupata shida hapa, kwa sababu lugha hizo huwalazimisha kujua jinsia ya mtu kabla ya kumaliza sentensi. Kiswahili hakiulizi.

Kama neno halina jinsia, mbona magazeti huandika "mbunge mwanamke"?

Hili ndilo swali lenye nyama. Neno lenyewe ni safi, ila sisi tunaolitumia hulibandika vitu. Wakati mwingine tuna sababu na wakati mwingine ni mazoea tu.

Sababu ipo pale ambapo jinsia ndiyo habari. Grace Onyango alipochaguliwa mwaka 1969 kuwakilisha mji wa Kisumu, alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge Kenya. Huwezi kuisimulia habari hiyo bila kusema "mwanamke". Vivyo hivyo Anne Makinda alipokalia kiti cha Spika wa Bunge la Tanzania mwaka 2010, akiwa mwanamke wa kwanza. Na mwaka 2013 Kenya ilipofanya uchaguzi wa kwanza wa maseneta na magavana chini ya Katiba ya 2010, hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa kushika mojawapo ya nafasi hizo mbili. Mwaka 2017 wakapatikana magavana watatu na maseneta watatu. Ukiandika takwimu kama hizo ukaficha jinsia, umeficha habari yenyewe.

Sababu haipo pale ambapo mbunge ameuliza swali kuhusu bei ya mbolea, au ameomba barabara ya jimboni kwake iwekwe lami. Ukiandika "mbunge mwanamke aomba lami", unampa msomaji taarifa isiyomsaidia kitu, tena unamdokeza kwamba mbunge wa kawaida ni mwanamume na huyu ni wa aina nyingine. Mbolea na lami hazina habari na hayo.

Kipimo changu ni chepesi. Iandike upya sentensi ile ile ukiweka "mbunge mwanamume". Ikichekesha, basi na ile ya kwanza ilipaswa kuchekesha. Futa, bakiza "mbunge", kisha taja jina lake. Jina mara nyingi hujitosheleza.

Ikibidi kutaja jinsia, niseme "mbunge wa kike" au "mbunge mwanamke"?

Yote mawili yanasikika. Mimi nachagua "mbunge mwanamke", wingi "wabunge wanawake". Kike na kiume hubeba pia maana ya tabia au namna: sauti ya kike, mavazi ya kiume. "Mtoto wa kike" limezoeleka na halimkwazi mtu, lakini "mbunge wa kike" huacha harufu ya kwamba ubunge wenyewe ni wa namna fulani. "Mbunge mwanamke" ni nomino mbili zilizokaa pamoja: ni mbunge, na ni mwanamke. Ukifanyia kazi chumba cha habari chenye mwongozo wake, fuata mwongozo huo na usinitaje.

"Mheshimiwa" je? Linamfaa kila mtu?

Linamfaa kila mtu, na ni moja ya maneno yaliyofanya kazi nzuri kimyakimya. Mheshimiwa ni anayeheshimiwa, basi. Katika Bunge la Tanzania kila mchangiaji huanza na "Mheshimiwa Spika", na akikalia kiti mwenyekiti wa kikao huwa "Mheshimiwa Mwenyekiti". Makinda alipompokea kiti Samuel Sitta, na Tulia Ackson alipompokea Job Ndugai mwaka 2022, waandikaji wa taarifa rasmi za majadiliano hawakuhitaji kubadili herufi moja. Mabunge yanayoendeshwa kwa Kiingereza yalilazimika kuhama kutoka "bwana" kwenda "bibi" kila kiti kilipobadilisha mkaliaji.

Kenya mambo yamechanganyika. Katika Seneti utawasikia wanaochangia kwa Kiswahili wakisema "Bw. Spika", na akikaa mwanamke, "Bi. Spika wa Muda". Huo ni mtindo wa Kiingereza uliovalishwa kanzu. Katika Bunge la Taifa "Mheshimiwa Spika" ndilo linalosikika zaidi. Kwa sikio langu hilo la pili ndilo Kiswahili, na lina faida nyingine: msemaji hahitaji kuinua macho kuona nani amekaa.

Kabla ya mheshimiwa kutapakaa, Tanzania ilikuwa na "ndugu", neno la enzi ya ujamaa ambalo lingali hai ndani ya Chama Cha Mapinduzi, likifupishwa "Ndg." Nalo halina jinsia: ndugu yako ni kaka au dada. Tofauti ni kwamba ndugu humweka kiongozi ubavuni pako, na mheshimiwa humpandisha juu ya jukwaa. Huo ni mjadala wa siku nyingine, ila wenye umri wanajua kipi kilichoondoka na kipi kilichobaki.

Kumwita mbunge "mama" ni heshima au ni kumshusha?

Inategemea nani anasema, wapi, na kama angemwita mwenzake "baba". Mama ni neno la heshima kubwa kwetu. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, mitaani aliitwa Mama Samia kabla jua halijazama, na wengi walisema hivyo kwa upendo. Kenya nako Raila Odinga aliitwa Baba na wafuasi wake miaka mingi, kwa hiyo si kweli kwamba wanawake peke yao ndio wanaobebeshwa majina ya nyumbani.

Shida huja katika uandishi rasmi. Ukiwa na orodha ya wachangiaji watano, wanne ni "Mhe." na mmoja ni "Mama", umeshatoa hukumu bila kujua. Mtaani sema utakavyo. Kwenye taarifa, cheo kimoja kwa wote. Halafu kuna utata wa maana: mtu akisikia "mama mbunge" anaweza kudhani ni mke wa mbunge, kama "mama mchungaji" anavyoeleweka makanisani.

Mbunge wa viti maalum ni lazima awe mwanamke?

Tanzania, ndiyo, lakini si neno linalosema hivyo, ni Katiba. Ibara ya 66 inaorodhesha aina za wabunge: waliochaguliwa majimboni, wanawake wa viti maalum wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wote, watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwao, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wasiozidi 10 wanaoteuliwa na Rais. Kwa hiyo "mbunge wa viti maalum mwanamke" ni maji kuongezwa maji. Kuna madiwani wa viti maalum pia, na kwao hali ni ile ile.

Angalia kosa linalotokana na hapo. Kwa kuwa wabunge wengi wanawake wameingia kwa viti maalum, mtu humwona mwanamke bungeni na kumwandika "wa viti maalum" kumbe alipambana jimboni akashinda. Hili si kosa dogo. Umemnyang'anya jimbo lake. Hakikisha kabla hujaandika.

(Tahajia: Katiba huandika "maalum", kamusi huandika "maalumu". Chagua moja, usizichanganye ukurasa mmoja.)

Na "Mwakilishi wa Wanawake" wa Kenya?

Jina hili limewapoteza wengi. Ibara ya 97 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema Bunge la Taifa litakuwa na wabunge 290 wa maeneo bunge (ndiyo majimbo ya Kenya), wanawake 47 wanaochaguliwa mmoja kila kaunti, 12 wa kuteuliwa, na Spika. Katiba haiwaiti hao 47 kwa jina la pekee. "Mwakilishi wa Wanawake" limetoka kwa watu na vyombo vya habari, na mtu akilisikia anadhani amechaguliwa na wanawake awasemee wanawake. Wanaompigia kura ni wapiga kura wote wa kaunti, waume kwa wake, na akifika bungeni ana kura moja sawa na mwenzake wa eneo bunge. Ni mbunge. Ukiandika "mbunge wa kaunti" umesema kweli na hujamfungia mtu kwenye kona.

Basi kwa nini katiba zinataja jinsia, ikiwa lugha yetu haitaji?

Kwa sababu lugha isiyobagua haijawahi kumpa mtu kiti. Wabunge wa Tanzania wamekuwa "wabunge" tangu mwanzo, na bado ilibidi viti vitengwe. Kenya ibara ya 27 inataka chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya thuluthi mbili za jinsia moja. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni hiyo, na Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Katika sakata lote hilo neno "mbunge" lilibaki lile lile, halina jinsia, na viti vilibaki na jinsia yake.

Mbunge, mjumbe, mwakilishi, diwani, seneta: yapi ni sawa na yapi si sawa?

Yote hayana jinsia, lakini hayabadilishani ovyo.

"Mjumbe" ni mtego mkubwa zaidi ukivuka mpaka. Kenya, mjumbe wa eneo ni mbunge wake. Mtu husema "mjumbe wetu hapokei simu" na kila mtu anajua ni nani. Tanzania, mjumbe ni mwanachama wa kamati, halmashauri au mkutano, na mtaani ni yule balozi wa nyumba kumi unayemwendea ukihitaji kutambulishwa. Maana ya kale, ya anayetumwa, imebaki katika methali: mjumbe hauawi.

"Mwakilishi" kwa maana pana ni yeyote anayesimama badala ya wengine. Kwa Zanzibar ni cheo. Jimbo moja la Zanzibar hupeleka mbunge Dodoma na mwakilishi Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi lililoanzishwa mwaka 1980. Ukimwita mwakilishi "mbunge" utasahihishwa papo hapo, na vizuri. Kenya, mwakilishi wadi ni yule wa bunge la kaunti, aliyechukua nafasi ya diwani baada ya uchaguzi wa 2013, ingawa wazee bado husema diwani.

"Diwani" lina historia ndefu kuliko yote. Katika pwani ya Mrima, ile ya bara inayoikabili Zanzibar, madiwani walikuwa watawala wa miji kabla ya kuwa wajumbe wa halmashauri. Leo Tanzania ni mwakilishi wa kata. (Diwani ya mashairi ni neno jingine la ukoo huo huo, na hilo halipigiwi kura.)

"Seneta" ni la mkopo, wingi maseneta. Tanzania haina seneti, kwa hiyo msomaji wa huko akilikuta hufikiria Kenya au Marekani.

Mwenyekiti na maneno yenye "mwana-" ndani yake ni ya kiume?

Hapana. Mwenyekiti ni mwenye kiti. Neno la Kiingereza la kazi hiyo lilibeba mwanamume ndani yake, ikabidi waanze kutafuta badala. Sisi tuliweka kiti, na kiti hakina ndevu. Mwanasheria, mwanasiasa, mwanahabari na mwananchi nayo hayana neno: mwana ni mtoto au mtu wa kundi fulani, awe wa kike au wa kiume. Zamani pwani "Mwana" lilikuwa hasa cheo cha mabibi watukufu. Mombasa bado wanamsimulia malkia Mwana Mkisi.

Msemaji, mnadhimu wa Bunge, kiranja wa wengi (msimamizi wa nidhamu ya wabunge wa upande wenye wengi) na kinara wa chama nayo yote hayana jinsia.

Kwa hiyo Kiswahili hakina majina ya vyeo yenye jinsia?

Kinayo, tusijisifu kupita kiasi. Mfalme na malkia. Na vijijini kulikuwa na bwana shamba, bwana mifugo, bwana afya. Wanawake walipoingia kazi hizo likazuka "bibi shamba", kisha ofisi zikaamua mambo yaishe: afisa ugani, afisa mifugo, afisa afya. Wakulima wengi bado husema bwana shamba, hata akiwa ni dada aliyemaliza chuo juzi.

Kisha kuna maneno ambayo kwa umbo hayana jinsia ila kichwani yanayo. "Mzee" ni mtu mwenye umri mkubwa. Lakini ukisema "mzee wa mtaa" au "mzee wa kijiji", kama wanavyosema Kenya, wasikilizaji tisa kati ya kumi watamwona mwanamume mwenye fimbo. Zanzibar "sheha", kiongozi wa shehia, vivyo hivyo, ijapokuwa masheha wanawake wapo na wanafanya kazi. Umbo la neno halitoshi. Picha hubadilika watu wakizoea kuona aliyekikalia kiti.

Natafsiri maandishi ya Kiingereza yanayosema "yeye mwanamume au yeye mwanamke" kila mstari. Nifanyeje?

Weka a- na uendelee na maisha. Usiandike "mbunge wa kiume au wa kike atawasilisha hoja yake". "Mbunge atawasilisha hoja yake" imesema yote. Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania, inayotaja sifa za mbunge, huanza na "mtu yeyote" na kwenda mpaka mwisho bila kumtaja mwanamume, ilhali tafsiri yake ya Kiingereza hutumia kiwakilishi cha kiume. Mara hii Kiswahili ndicho kilichotangulia.

Kazi ngumu ni kurudi upande wa pili. Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mtafsiri hukutana na "mbunge alisema" na hajui ni nani. Usikisie kwa jina peke yake. Tafuta, uliza, au panga sentensi upya ili isihitaji kujua. Programu za kutafsiri hazina subira hiyo. Nimeona mawaziri wanawake wakigeuzwa wanaume kwa kubonyeza mara moja.

"Mbunge mteule" ni aliyeteuliwa?

Tanzania ni aliyeshinda lakini hajaapishwa. Aliyeteuliwa na Rais ni "mbunge wa kuteuliwa". Kenya "mteule" hutumika pia kwa aliyeteuliwa na chama, na "mbunge maalum" husikika vile vile. Ukiandikia nchi zote mbili, eleza kwa sentensi kamili.

"Mbunge mstaafu" ni sahihi?

Kama aliamua kutogombea tena, sawa. Kama aliangushwa kwenye kura, ni "mbunge wa zamani". Wenyewe hupenda la kwanza.

Mume wa mbunge aitweje?

Mume wa mbunge. Mke wa mbunge naye, mke wa mbunge. Kila mara swali hili linakuja kuhusu mume, na halijawahi kunifikia kuhusu mke.